Betri yangu, soketi ya mama wa saluni

Jumanne moja, saa mbili usiku na dakika chache, nilikuwa nawaeleza wanafunzi wangu, kwa video ya intaneti, tofauti ya "nimekula" na "nilikula" nyumba ilipozama gizani. Friji ikanyamaza. Feni ikazunguka mizunguko yake ya mwisho kama mzee anayetafuta pa kukaa. Chini ya meza, kidude cha UPS, betri ya akiba ya umeme ukikatika, nilichokuwa nimekinunua wiki moja kabla kikaanza kulia: pii, pii, pii. Nikatazama laptopu. Nyuso zote nne zilikuwapo, zinapepesa macho.

"Mwalimu, umeme umekatika huko?" akauliza mmoja wao, mtumishi wa serikali aliyeko Kampala.

"Umekatika," nikamjibu, "lakini mimi sikatiki."

Maneno yale yalikuja kunitokea puani siku tatu baadaye.

Naishi Walukuba, Jinja, Uganda, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda. Watu walikuja hapa kutoka kila upande, kwa hiyo tangu utotoni mwangu Kiswahili ndicho lugha ya bombani na ya uwanja wa mpira. Sasa nakifundisha kwa video, hasa kwa watu wazima. Kazi ilishika kasi baada ya Julai 2022, Baraza la Mawaziri lilipokubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe mashuleni. Ghafla kuna walimu, askari na makarani waliotaka kujua ngeli kabla hawajaulizwa na mabosi wao. Kipindi kimoja ni saa nzima. Kikikatika katikati sina cha kudai, na mwanafunzi aliyekatikiwa mara tatu hutafuta mwalimu mwingine, wala simlaumu.

Neno lenyewe "umeme" linanipa taabu darasani. Kwa miaka ishirini, tangu 2005 hadi Machi 2025, kampuni iliyosambaza umeme nchini iliitwa Umeme. Basi wanafunzi wangu wameshazoea kusema "Umeme imekuja", "Umeme imeleta bili", kwa kuwa hiyo ni kampuni. Mimi nawasahihisha: umeme umekuja. Wananitazama kana kwamba nimetunga.

Na kuna kichekesho cha kukosa umeme ukiwa Jinja. Bwawa la Nalubaale, lile lililofunguliwa mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls, lipo mlangoni kwetu. Bujagali, lenye megawati 250, lipo kilomita chache tu ukishuka na mto. Huko kaskazini Karuma imeongeza megawati 600 tangu 2024. Mwaka 2006 tulipokuwa na mgao mkali, sababu ilieleweka: maji ya ziwa yalishuka. Siku hizi mto umejaa, ila kati ya mto na sebule yangu kuna transfoma, nguzo za mikaratusi na miembe ya watu, na mvua ya Aprili haiheshimu hata kimoja. Mara nyingi umeme unarudi baada ya saa moja au mbili. Mara nyingine ni kesho.

Turudi kwenye ile Jumanne. Nilipomaliza kipindi nilitoka nje na tochi kuwapa pole majirani, nikakuta nyumba zao zinawaka taa kama kawaida. Giza lilikuwa langu peke yangu: yuniti za Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, zilikuwa zimeisha. Nikalipa kwa simu, zikaja tarakimu ishirini, nikazibonyeza kwenye mita, friji ikaanza tena kunguruma. Nilicheka, nikaenda kulala nikiwa na imani kamili na UPS yangu.

Ijumaa ukakatika mtaa mzima. Upepo ulikuja kutoka ziwani kabla ya mvua, kukasikika mlio kama bati linapasuka upande wa barabara kubwa, tukazimika wote. UPS ikalia pii, pii. Taa za ruta, kile kisanduku cha waifai, zilikuwa zinawaka zote, kijani kibichi, nzuri kutazama. Lakini nyuso kwenye skrini ziliganda: mmoja kinywa wazi, mwingine kashika sikio. Nikasubiri. Nikazima ruta na kuiwasha, kosa ambalo kila mtu hulifanya. Waifai ilikuwapo, simu yangu iliiona na kushikana nayo vizuri kabisa. Isipokuwa haikuwa inaenda popote. Ni kama kumpandisha mtu boda kwenye barabara iliyobomoka daraja: pikipiki inanguruma, safari hakuna.

Nilipiga simu kwa kampuni iliyoniunganisha. Kijana akanijibu kwa upole, "Madamu, mnara wetu uko sawa. Una betri na jenereta. Angalia kwako." Nikamwambia kwangu pako sawa pia, naangalia taa hizi hapa. Tukabaki tunabishana, yeye na mnara wake, mimi na UPS yangu, na sote wawili tulikuwa tunasema kweli.

Kilichonisumbua usiku ule ni ile Jumanne. Kwa nini giza la Yaka halikuikata intaneti, na giza la mtaa limeikata? Betri ni ile ile, ruta ni ile ile. Jibu lilinijia nikimkumbuka baba.

Baba alikuwa na simu ya mezani, ile ya kuzungusha kidole, na umeme ulipokatika simu ile iliendelea kufanya kazi. Sisi watoto tuliona ni uchawi mdogo wa nyumbani. Wala haikuwa uchawi. Waya wa shaba uliokuja nyumbani ulibeba sauti na umeme wake pamoja, kama volti 48, kutoka kwenye betri kubwa zilizokaa kituo cha simu. Simu haikuhitaji chochote kutoka kwenye ukuta wetu. Maadamu kituo kina betri, simu ya baba ina uhai.

Intaneti yangu haikuwa hivyo. Haikuletewa umeme na mtu. Kila kifaa njiani kilikuwa kimechomekwa kwenye ukuta wa mtu fulani, na mimi nilikuwa nimewekea betri ukuta mmoja tu, wa kwangu. Yaka yangu ilipoisha, kuta nyingine zote zilikuwa na umeme. Mtaa ulipozima, kuna ukuta ulizima nami. Swali likawa: ukuta wa nani?

Nilimwita fundi aliyenifungia, nikamchemshia chai, nikampa kalamu na risiti ya dukani. "Nichoree njia," nikamwambia. Akachora paa la nyumba yangu na antena bapa juu yake. Akachora mnara mlimani. Katikati akaweka kidoti.

"Hapa ni wapi?"

"Hapo ni relei, madamu. Nyumba za huku bondeni haziuoni mnara. Antena yako inaangalia hapo, hapo ndipo panapoangalia mnara."

"Nimekuuliza ni wapi."

Akakuna kichwa. "Saluni."

Nilikwenda kesho yake, Jumamosi asubuhi. Ni saluni ninayoijua, nimesukwa pale mara nyingi, sijawahi kuinua macho darini. Juu ya bati kulikuwa na bomba la chuma na visahani viwili. Waya mmoja mweusi uliingia kwa dirishani, ukashuka nyuma ya kioo, ukaishia kwenye kisanduku cheupe cha ukubwa wa kiberiti kikubwa, kilichobandikwa ukutani kwa gundi ya karatasi iliyoshika nywele za watu wasiopungua ishirini. Kutoka hapo, plagi. Kutoka kwenye plagi, ekstensheni ya matundu sita iliyobeba draya, mashine ya kunyolea, birika, redio, chaji ya simu na intaneti ya bonde zima la upande wetu.

"Mama, hiki ni nini?"

"Ah, hicho cha wale vijana wa intaneti. Wao wananipa waifai ya bure, mimi nawapa tundu."

Tulikuwa tunazungumza hivyo mteja wa pili alipoketi kwenye draya ya pili. Mama wa saluni akainama, bila hata kukatiza maneno yake, akachomoa kisanduku cheupe na kuchomeka draya. Nilitoa simu mfukoni. Dada yangu aliyekuwa nyumbani kwangu alikuwa ameshaandika: "Intaneti yako imeenda tena."

Basi ndiyo maana Jumamosi zangu zilikuwa mbaya hata umeme ukiwapo! Kwa miezi mitano nilidhani ni mvua, ni msongamano wa wikendi, ni laptopu kuzeeka. Zilikuwa harusi. Watu wa Walukuba wanaoana Jumamosi, na bibi harusi ana wasimamizi sita, na kila msimamizi ana kichwa.

Sikumkasirikia. Umeme ni wake, Yaka analipa yeye. Kampuni ndiyo iliyoona tundu la bure ni sawa na kituo. Niliwaomba waweke betri pale, wakasema ombi limepokelewa, nadhani mpaka leo limepokelewa tu. Kwa hiyo tukachanga wenyewe. Nyumba tano zilizotegemea kidoti kile tulitoa shilingi 40,000 kila moja, tukanunua betri ya gari iliyokwishatumika na inveta ndogo ya kugeuza umeme wa betri kuwa wa ukutani, fundi akaiunga nyuma ya kioo. Mara ya kwanza umeme kukatika, nilifundisha saa nzima gizani bila kikwazo. Nilijiona injinia.

Mwezi wa pili betri ikawa inakata baada ya saa moja. Halafu nusu saa. Jioni moja ya giza nikashuka na tochi kuiangalia. Saluni ilikuwa wazi, mshumaa juu ya meza, na kwenye inveta yetu kulikuwa na ekstensheni mpya, na kwenye ekstensheni kulikuwa na simu saba zimelala kifudifudi, kila moja na kipande cha karatasi chenye jina la mwenyewe. Kuchaji, shilingi 500.

"Mwalimu," mama wa saluni akaniambia kabla sijafungua mdomo, "nawe umeleta simu?"

Sina cha kusema juu ya biashara ile zaidi ya kwamba ilikuwa nzuri. Ila betri ya gari haikutengenezwa kwa kukamuliwa hivyo. Imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha ijazwe papo hapo. Ukiinyonya mpaka chini kila siku, ndani inaharibika, na betri iliyokwishatumika inaharibika upesi zaidi. Tuliizika mwezi wa tatu.

Hata UPS yangu ya nyumbani ilikuwa na darasa lake, nalo nililipia. Kwenye boksi kuna namba kubwa, 650 VA, nami nilidhani ni kipimo cha muda. Ni kipimo cha mzigo inaoweza kuubeba kwa mara moja. Muda unatokana na betri iliyo ndani, na ndani ya nyingi za ukubwa ule kuna betri ya volti 12 na saa-ampea 7. Zidisha, unapata wati-saa 84. Antena na ruta yangu kwa pamoja vilikula kama wati 15, kwa hesabu ya daftarini ni zaidi ya saa tano. Nilipata saa mbili na ushee. UPS yenyewe ina njaa yake: inabadilisha umeme wa betri kuwa wa volti 240 wa ukutani, halafu adapta ya ruta inaurudisha tena kuwa volti 12, na kila badiliko linapoteza umeme kama joto. Unapima unga kwa kikombe kinachovuja. Na siku mpwa wangu alipochomeka televisheni kwenye UPS ile ili amalizie mechi, tulidumu dakika ishirini na tano, Arsenal wakiwa bado wanalazimisha.

Wakati wa siku zile za mateso, kimbilio langu lilikuwa simu. Nanunua bando, nawasha hotspoti, naendelea. Kwa umeme wa kukatika nusu saa, hakuna dawa nzuri kuliko hii. Lakini nilijifunza kuusoma usiku wa giza kwa saa zake. Dakika za mwanzo mtandao wa simu unakwenda vizuri. Kisha mtaa mzima unagundua hauna televisheni, kila mtu anaingia kwenye simu, na video yako inaanza kuwa ya picha picha. Saa kadhaa baadaye, kama mnara wa karibu unategemea betri tu, au dizeli ya jenereta yake imeisha, vijiti vya mtandao vinashuka kimoja kimoja mpaka unabaki na simu yenye chaji asilimia 80 na isiyo na wa kumpigia.

Nikajiona mjanja, nikanunua laini ya kampuni ya pili ili moja ikifa nyingine iniokoe. Usiku wa giza refu zikafa zote mbili kwa pamoja. Nilimuuliza fundi. Akaninyooshea kidole mnara ule ule mmoja kwenye kilima: antena za kampuni hii juu, za kampuni ile chini yake, na betri za mnara ni za mwenye mnara. Minara mingi nchini ni ya kampuni za minara, wenye mitandao wanapanga tu kama wapangaji wa nyumba. Laini zangu mbili zilikuwa vyumba viwili vya nyumba moja. Tangu siku hiyo, kabla ya kununua laini ya akiba huwa nauliza watu wa mtaani ni ipi iliyobaki hai usiku wa mvua kubwa. Wauza rolex, zile chapati za mayai za barabarani, wanajua. Wao hupokea pesa kwa simu mpaka saa tano usiku, hakuna anayeujua mtandao wa usiku kuwashinda.

Faiba ilipofika mtaani kwetu, sikuuliza kasi. Vijana wa mauzo walikuja na fulana zao wakaanza kuniimbia megabiti, nikawakatiza: "Kutoka hapa mpaka kwenye kituo chenu, kuna vifaa vingapi vinavyochomekwa ukutani?" Wakatazamana. Mmoja akaenda kupiga simu, akarudi na jibu nililokuwa nalitaka: viwili. Kile cha kwangu na kile cha kituoni.

Uzuri wa faiba uko hapo. Ule uzi ni wa kioo, haubebi umeme, unabeba mwanga. Njiani, juu ya nguzo, kuna kisanduku kinachougawa mwanga mmoja kwenda nyumba thelathini na mbili au hata sitini na nne, na kisanduku hicho hakina plagi wala betri, ni vioo tu ndani, kinafanya kazi kama jua linavyopita kwenye matundu ya kuti. Mwanga unaweza kusafiri hivyo kilomita zinazokaribia ishirini bila kusukumwa na kitu. Kwa hiyo mtaa mzima uwe gizani, transfoma iwe imeungua, mama wa saluni awe na maharusi kumi, maadamu kituo kina betri na jenereta, mwanga unafika ukutani kwangu. Kilichobaki ni kukiweka hai kile kisanduku changu kinachougeuza mwanga kuwa waifai.

Tahadhari moja. Si kila kinachoitwa faiba ni hivyo. Binamu yangu anakaa ghorofa huko Kampala, naye aliambiwa ana faiba. Faiba yake inaishia chini ya ngazi, kwenye kabati la chuma lenye swichi inayokula umeme wa taa za korido, kisha waya wa kawaida unapanda mpaka kwake. Korido ikizima, amezima. Amenunua betri nzuri kuliko yangu na haimsaidii kitu. Nilimwambia asilalamike kwa kampuni, alalamike kwa mwenye nyumba.

Kisanduku changu kinakula wati nane hivi, volti 12. Sikurudi kwenye UPS ya kulia pii pii. Nilinunua ile ndogo ya siku hizi, ya ukubwa wa daftari la shule, inayotoa volti 12 moja kwa moja bila kupitia 240. Imeandikwa 10,000 mAh kwa herufi kubwa, yaani saa-ampea 10, na hapo wengi wanadanganyika, kwa sababu hizo 10,000 zimehesabiwa kwa volti 3.7 za seli za ndani, wala si kwa volti 12 inazokula ruta. Ukizidisha unapata wati-saa 37. Chini ya nusu ya ile UPS ya zamani! Na bado inanipa karibu saa nne, kwa sababu mzigo ni mdogo na haupotezi umeme mwingi kwa kubadilisha huku na huku.

Niliunguza ruta moja kabla ya kufika hapo. Ile ya zamani ilikuwa ya volti 9, na tundu lake lilifanana sawasawa na la volti 12. Nilichomeka bila kusoma maandishi ya chini, yale madogo ambayo mtu mwenye umri wangu huyasoma kwa mkono ulionyooshwa. Harufu ile ya plastiki naijua mpaka leo.

Tangu nifunge faiba, umeme umekatika mara nyingi kuliko nilizohesabu, na intaneti imekatika nao mara moja tu. Lori liligonga nguzo kwenye kona, nguzo ikalala na nyaya zake zote, za umeme na za faiba. Kwenye kisanduku ikawaka taa nyekundu iliyoandikwa LOS, maana yake mwanga haufiki. Taa hiyo ikiwaka hakuna betri itakayokusaidia, usihangaike kuzima na kuwasha, piga simu uwaambie mwanga umepotea, watakuelewa upesi kuliko ukisema "intaneti haifanyi kazi". Waliunga uzi siku ya pili yake. Umeme ulirudi siku ya tatu, kwa hiyo kwa siku moja nzima nilikuwa na intaneti bila umeme, nikichaji laptopu kwa jirani mwenye sola.

Jambo jingine nililolizoea ni kutoamini umeme unaporudi. Hurudi kwa kishindo, unapanda, unashuka, unapanda. Adapta mbili zimenifia dakika ya kurudi, wala si ya kukatika. Sasa nachomoa kila kitu mapema na kungoja taa ya jirani itulie ndiyo nichomeke.

(Na kuna kukatika ambako hakuna hesabu ya betri. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku tano. Umeme ulikuwapo siku zile zote. Nilipiga pasi nguo zangu zote.)

Wiki iliyopita mvua ilinyesha tangu saa kumi jioni, mtaa ukazima saa kumi na mbili. Saa mbili nikaanza kipindi. Yule mtumishi wa serikali wa Kampala akaandika kwenye ujumbe: "Mwalimu, kwetu Umeme imeenda." Nikamwandikia: "umeme umekwenda". Akaandika: "Umeme imekwenda kweli, mkataba uliisha." Hapo sikuwa na la kumsahihisha.

Tulipokuwa katikati ya ngeli ya U-ZI nikasikia hodi. Alikuwa mama wa saluni, kitambaa kichwani, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Ile kampuni ya visahani ilishaondoa kisanduku chake miezi mingi iliyopita, na waifai ya bure ikaondoka nacho. Nikamkaribisha barazani, nikampa neno la siri, akakaa kwenye kigoda akiwapigia watoto wake video walioko Mbale, anacheka kwa sauti ya kusikika darasani kwangu. Wanafunzi wakaniuliza ni nani. Nikasema ni kituo changu cha zamani.

Kipindi kilipoisha alikuwa bado yupo. Akatoa simu ya pili mfukoni, imekufa, akaiangalia ile betri yangu ndogo iliyokuwa inamulika taa ya buluu juu ya meza.

"Mwalimu, kuchaji hapa ni ngapi?"

"Mia tano," nikamwambia.

Alinitazama kidogo, akafungua pochi, akahesabu.